Mbwa Ambaye Mama Mkwe Hakumwona

Nilistaafu mwezi uliopita. Walinipa keki yenye picha ya mbwa wa aina nisiyoijua, na kadi iliyosainiwa hata na watu ambao sijawahi kuwaona wameshika fagio. Nyinyi vijana mnaoongea Kiswahili pale kituoni, yule wa Mwanza na wale wawili wa Nairobi, mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Nimekubali kwa sababu muda ninao. Halafu siku yangu ya mwisho nilimkuta mmoja wenu, simtaji jina, amepiga magoti mbele ya kizimba, anamkazia mbwa mgeni macho na kumwambia "hi sweetie, hi baby". Mbwa mwenyewe alikuwa ameshajikojolea. Nikaona kweli haja ipo.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Mishahara ya kazi ile mnaijua, na vyeo zamani vilikuwa viwili tu: anayesafisha na anayemwambia asafishe.

Nilifika Minneapolis mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mume wangu Elia aliyekuja kusoma. Kwetu Songea nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini huku cheti changu kilikuwa karatasi kama karatasi nyingine. Elia alipomaliza masomo akapata kazi kiwandani Fridley, tukapanga nyumba ndogo New Hope yenye kiwanja kidogo nyuma. Mimi nikaona tangazo la mtu wa kusafisha mabanda kwenye kituo cha kuokoa mbwa. Kwenye maombi niliandika kwamba nina uzoefu na wanyama. Nilimaanisha mbuzi.

Siku ya kwanza nilijiandaa kwa kelele. Nilinunua hata pamba za masikioni. Nikafungua mlango wa chumba cha nyuma, safu mbili za vizimba, mbwa kila kizimba, na hakuna hata mmoja aliyebweka. Walikuwa wamejibana kwenye kona za nyuma, wamegeuza nyuso ukutani. Mmoja alikuwa anazunguka, anazunguka, duara lile lile, bila kusimama. Nimewahi kuingia darasani ambako mwalimu aliyenitangulia alikuwa mkali wa fimbo, na ukimya ule niliujua mara moja. Nilisimama pale na ndoo yangu nikasikia machozi yananijaa, na sikuwa mtu wa kulilia mbwa.

Aliyenipokea alikuwa Lorraine, msimamizi wa chumba kile. Mama wa Kimarekani wa makamo, mwembamba, zamani dereva wa basi la shule, mvutaji sigara asiyependa maneno mengi. Ndiye aliyenieleza hawa mbwa wametoka wapi. Kuna watu wanaofuga mbwa jike mashambani kwa ajili ya kuuza watoto wao madukani. Mama anakaa kwenye kizimba cha waya maisha yake yote, anazaa, watoto wanachukuliwa, anapandishwa tena, anazaa. Hajawahi kukanyaga majani. Hajawahi kupanda ngazi. Mkono wa binadamu anaujua kwa jambo moja tu, kunyang'anywa. Akichoka kuzaa hana kazi, na hapo ndipo sisi tunampata, mwenye shamba akifunga biashara au sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, akimfungia.

"Wewe unajua nini kuhusu mbwa?" Lorraine aliniuliza.

"Kwetu wanalinda nyumba. Wanalala nje."

"Unawabembeleza?"

"Hapana. Hatuwabughudhi, nao hawatubughudhi."

Akanitazama, akazima sigara. "Basi utaweza," akasema.

Mafunzo yake yalikuwa ya vitendo. Usimuogeshe mbwa siku anayofika, hata kama ananuka vipi. Uchafu wake ni kitu pekee anachokijua. Ingia na kiti kifupi, kaa umempa mgongo, soma gazeti. Usimkazie macho. Usimwinamie. Piga miayo, maana mbwa akiona unapiga miayo anajua hukuja kwa shari. Fungua mlango mmoja ukishafunga wa pili. Soseji ikatwe vipande vidogo kuliko kucha, urushe nyuma yako bila kugeuka. Akianza kula ukiwepo, hiyo ni sikukuu, lakini usishangilie.

Chombo chake kikuu kilikuwa mwiko. Mwiko hasa, wa mbao, wa kusongea, sijui aliununua duka gani. Aliupaka siagi ya karanga kwenye ncha akaupitisha polepole kwa mbwa, ili mbwa ajifunze kwamba kinachokuja kutoka kwa binadamu si lazima kiwe mkono. Wiki baada ya wiki mkono ulisogea mbele kwenye mwiko, mpaka mwisho mbwa akawa analamba vidole. Nilipomwambia kwetu kifaa hicho ni cha kusongea ugali, alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Yule aliyekuwa akizunguka tulimpata kwa zulia. Sakafu pana ilimtisha, basi tukaweka kipande cha zulia, kesho yake cha pili, hata akafika mlangoni. Jike mwingine aliogopa majani kiasi kwamba ukimweka uani anasimama mguu mmoja juu, kama anayengoja mtu amwombe radhi. Huyo tulimtandikia magazeti juu ya majani, tukawa tunayapunguza. Aliyemchukua ni mwalimu wa Saint Paul, na kila Krismasi alikuwa akituletea picha ya mbwa yule amelala katikati ya majani amefumba macho. Picha zile nilikuwa nikizitazama kuliko picha za ndugu zangu.

Kwa Watanzania wenzangu kazi yangu ilikuwa kichekesho. Mnajua utani wetu. Elia ni Mhehe, na Wahehe tangu zamani tunawatania kwamba mbwa kwao ni kitoweo. Mimi Mngoni, mtani wao halali, nilimtania mume wangu tangu siku ya posa. Sasa kila tukikutana kwenye sherehe lazima atokee mtu: "Shemeji Elia, mwaka huu umeamua mkeo alete nyama nyumbani moja kwa moja?" Elia alizoea. Alikuwa akijibu kwamba anasubiri wanenepe.

Sasa nije kwa Rubi.

Rubi alifika vuli moja, katikati ya ile miaka ya tisini, pamoja na wenzake kutoka shamba lililofungwa. Mbwa mdogo wa manyoya marefu, lakini yalikuwa yamejifunga mafundo, na tulipomnyoa hayakubaki. Miguu ilikuwa imetanuka vidole kwa kusimama juu ya waya. Meno karibu yote yalishaoza. Wenzake baada ya miezi michache walikwenda kwa watu. Rubi hakusogea. Ukimgusa anakauka mwili mzima, halafu anauma, na kwa meno yale aliumia yeye kuliko wewe. Mwiko aliukimbia. Soseji alikula tukishatoka chumbani.

Lorraine aliniita kituoni. Nafasi zilikuwa zimejaa, na shamba jingine lilikuwa njiani kufungwa. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa wazi: mbwa asiyeweza kubebwa na mtu wala kupimwa na daktari hapewi mtu, na asiyepewa mtu anachomwa ile sindano ya kumlaza asiamke tena.

"Mpe mpaka theluji iyeyuke," nilimwambia.

"Hapa kituoni hatabadilika, Yustina. Anahitaji nyumba. Jikoni, redio, watu wanaopitapita."

Nikasema nitamchukua mimi. Sikufikiri sana. Nilikuwa na mtoto mchanga, Neema wetu, na likizo ya uzazi niliyoichukua baada ya Rubi kufika ilikuwa inakwisha. Jioni nilipomweleza Elia aliweka kijiko chini.

"Mke wangu," akasema, "unakumbuka nani anakuja Jumamosi?"

Nilikuwa nakumbuka. Alikuwa anakuja mama yake kutoka Iringa, kutulelea mtoto miezi sita. Mama mkwe wangu, anayeingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza, na mimi nimemwekea mbwa sebuleni.

Mwenye nyumba alikubali mbwa mmoja mdogo. Kumshawishi mwenye nyumba kulikuwa rahisi.

Mama alishuka kwenye ndege amevaa vitenge vitatu na sweta mbili, na ndani ya mizigo yake kulikuwa na ungo, ambao hadi leo sijui ulipitaje forodhani. Alimpokea mjukuu, akamnusa shingoni, akafurahi. Tulipofika nyumbani akazunguka vyumba vyote. Sebuleni akasimama. Nyuma ya kochi, kwenye blanketi, Rubi alikuwa anatetemeka.

"Hiki nini?"

"Mbwa, Mama. Ni wa kazini. Ni kwa muda tu."

Mama hakupandisha sauti. "Maisha yangu yote nyinyi Wangoni mnatusema," alisema. "Mimi sijawahi kula mbwa, wala sijawahi kulala naye nyumba moja. Mama Neema, wewe umenifikisha kwenye la pili."

Elia alikimbilia jikoni kucheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikapiga goti kuomba radhi, nikamweleza habari yote: waya, watoto walionyang'anywa, sindano inayongoja. Alisikiliza. Halafu akatoa hukumu. Mbwa asiingie jikoni. Mbwa asisogee kwa mtoto. Na yeye, Mama, hatamlisha, hatamsemesha, hatamgusa. "Kwangu mimi hayupo," akasema.

Na kweli hakuwepo. Sijaona mtu anayeweza kutomwona kiumbe kama Mama alivyoweza kutomwona Rubi. Alipita karibu na kochi bila kugeuza shingo. Alifagia kuzunguka lile blanketi kama anafagia kuzunguka mguu wa meza. Siku moja alinikuta jikoni naupaka mwiko siagi ya karanga, ule wa kazini, akauliza wa nini. Nilipomwambia, akachukua mwiko wangu wa ugali akaenda kuulaza chumbani kwake. Kuanzia siku hiyo tukitaka kusonga ugali tulikuwa tunamwomba.

Nilirudi kazini. Mchana nyumbani walibaki Mama, mtoto, na huyo asiyekuwepo. Jioni nilikuwa nakuta Rubi palepale nyuma ya kochi, na kila jioni moyo wangu ulishuka, maana majira ya baridi hayamsubiri mtu.

Alasiri moja Lorraine aliniruhusu mapema. Nilifungua mlango taratibu nisimwamshe Neema. Mama alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mjukuu amelala pembeni, ungo mapajani, anachambua maharage. Nyuma yake, kiasi cha mkono mmoja, alikuwa Rubi. Hakuwa amejibana. Alikuwa amelala ubavu, kidevu chake kikiwa juu ya pindo la kitenge cha Mama kilichotanda sakafuni. Maharage yalikuwa yanatoa ile sauti yake kwenye ungo, na masikio ya mbwa yalikuwa yamelegea kabisa. Sikuwa nimewahi kuyaona yamelegea.

Nilisimama na begi begani.

"Umesimama nini?" Mama alisema bila kugeuka. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Mama... mbwa."

"Mbwa gani?" akasema, akaendelea kuchambua.

Kesho yake nilimhadithia Lorraine. Akauliza Mama anamfanyia nini. Nikasema hamfanyii kitu, hamtaki. Sisi tulikuwa tunajifanya kutomtaka mbwa huku roho zinatutoka kwa kumtaka, na mbwa anajua. Mama mkwe wangu hakuwa anajifanya. Lorraine akasema nimwambie asiache. Nikafikisha salamu. Mama akajibu, "Mwambie huyo mama kwamba mimi sifugi mbwa."

Tatizo ni kwamba kulala karibu na pindo hakukumwondolea Rubi sindano. Kilichotakiwa ni abebwe. Na kwangu mimi bado alikauka, bado aliuma.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Januari, baridi ile ya kukata pua. Elia aliingia na mifuko ya dukani mikono yote miwili, mlango ukabaki wazi, mfuko mmoja wa plastiki ukaanguka ukavuma na upepo. Rubi akapita katikati ya miguu yake. Nilisikia tu Elia akiita, "Yustina! Katoka!"

Mbwa wa namna hii akitoroka hajui kwamba ana kwao pa kurudi. Ukimwita anakimbia. Ukimfuata anakimbia mpaka barabarani. Bahati yake alijipenyeza chini ya baraza ya mbao ya jirani, pakavu lakini baridi ni ileile, na yeye hana manyoya. Nilimpigia Lorraine simu, akaja na soseji na mtego wa kizimba. Tuliweka soseji, tukalala kifudifudi kwenye theluji, tukaita kwa sauti tamu. Macho mawili kule ndani yalizidi kurudi nyuma. Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka, na Lorraine alikuwa ameacha kunitazama usoni. Nilijua anachofikiri. Mbwa mdogo vile, baridi ile, hamalizi jioni. Nililia palepale, na machozi yakagandia kwenye kope.

Mlango wa nyumba yetu ukafunguliwa. Mama alitoka amevaa koti la Elia lililomfika vifundoni, kichwani kilemba juu ya kofia ya sufu, mkono mmoja ndoo, mwingine ungo wenye maharage.

"Mmemaliza?" akasema. "Mnamwita kama mnamwita mwizi ajisalimishe. Ondokeni wote. Mama Neema, nenda kwa mtoto. Na huyo mama wa sigara naye aingie ndani."

"Mama, utaganda!" Elia akasema.

"Ingia ndani, Elia."

Tukaingia. Tulisimama dirishani watatu, na mtoto begani kwangu. Mama aliipindua ndoo karibu na baraza ya jirani, akaikalia akiipa baraza mgongo, akaweka ungo mapajani, akavua glavu, akaanza kuchambua maharage. Theluji imejaa kila mahali, na yeye anachambua maharage kama yuko nje ya jiko lake Iringa. Jirani alichungulia, akafunga pazia. Kila baada ya muda Mama alikuwa anapuliza vidole na kusema maneno ya Kihehe ambayo Elia alikataa kunitafsiria.

Lorraine ndiye aliyeona kwanza. Alinishika mkono, akasema kwa kunong'ona, "Don't move."

Rubi alikuwa ametoka. Alitembea kwa tumbo, akasimama, akatembea tena, mpaka akafika kwenye pindo la kitenge lililokuwa limening'inia chini ya koti. Akaweka kidevu chake juu yake. Mama hakugeuka. Aliendelea kidogo na maharage. Halafu akaweka ungo chini, akafungua kitenge cha juu kiunoni polepole, akakirusha nyuma bila kutazama, akakizungusha, akakunja huku na huku kama anavyomfunga mtoto anayetoka kuoga, akainuka na furushi kifuani. Furushi halikuuma. Halikutetemeka hata. Ilionekana pua tu.

Aliingia ndani, akapita katikati yetu, akaketi karibu na hita. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Elia alimvua viatu akamsugua miguu, na mimi nilipiga magoti kumshukuru.

"Umembeba, Mama," nikasema. "Umemgusa."

"Sijamgusa," alisema. "Kitenge ndicho kimemgusa. Na hayo maharage yaliyobaki nje nendeni mkayaokote, hatukutumwa huku kutupa chakula."

Lorraine hakuelewa neno hata moja. Aliingiza mkono polepole juu ya kitambaa, akashika mgongo wa Rubi, na Rubi akamwacha. Ndipo tulipojua. Mkono alikuwa anaujua na anauogopa. Lakini akifungwa vizuri kwenye kitambaa kilichonuka moshi, sabuni na Mama, alitulia. Wiki zilizofuata tulifanya kazi na kitenge kile tu. Kwanza mimi nilimbeba ndani yake, kisha Elia, kisha Lorraine, kisha daktari akamfungua upande mmoja baada ya mwingine na kumpima. Theluji ya uani ilipoyeyuka, Rubi alikuwa kwenye orodha ya wanaotafutiwa nyumba. Vile vitambaa mnavyovikuta kwenye kabati la chumba cha nyuma, ambavyo nyinyi mnafutia madirisha, hiyo ndiyo asili yake. Tafadhali acheni kufutia madirisha.

Aliyemtaka alikuwa Bwana Harold, mstaafu wa viwanda vya Fridley, mjane, mzito wa kusikia kwa sababu ya mashine. Kituoni walimuuliza kwa nini anataka mbwa asiyecheza, asiyebweka. Akajibu, "Mke wangu ndiye alikuwa msemaji. Nyumba imenyamaza. Nataka mwenzangu wa kunyamaza naye." Lorraine alimpigia mhuri moyoni mwake hapo hapo.

Alikuja kwetu kumwona. Mama alijifungia jikoni, akasema yeye halimhusu. Bwana Harold aliteremka sakafuni kwa shida, magoti yakilia, akampa Rubi mgongo, akafungua gazeti la michezo. Tulikaa hivyo muda mrefu. Rubi alitoka nyuma ya kochi, akasogea, akanusa kiatu chake.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Mama Neema," Mama alisema, "mwambie anaogopa mfuko wa plastiki."

Nikatafsiri. Bwana Harold akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie asimwekee maji kwenye bakuli la chuma. Likigonga sakafu anashtuka, halafu hanywi mpaka kesho. Mwambie upande wa kushoto jino linamuuma, chakula akilowanishe. Mwambie mvua ikinyesha asiende mbali naye." Alikuwa anatazama ukuta juu ya kichwa cha yule mzee. "Na akilala anaota. Analia kidogo kama anaita watoto. Asimwamshe. Afanye kazi yoyote yenye sauti ndogo karibu naye, atanyamaza."

Mimi nilikuwa sijui kwamba Rubi anaota. Nilikuwa nikitoka asubuhi na kurudi jioni. Nilitafsiri mpaka mwisho. Bwana Harold alitoa kalamu akaandika yote pembezoni mwa gazeti lake.

Walipokuwa wanaondoka Mama alimtupia kile kitenge. "Achukue," akasema. "Kimeshaharibika, kimelaliwa na mbwa." Akarudi jikoni. Tulimsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mwezi ule ule miezi sita yake ikaisha, akarudi Iringa. Huko alikuwa anakwenda posta kupiga simu mara moja moja, simu za wakati ule mnazisikia tu, dakika ni kitu cha kuvuta pumzi na kusema haraka. Aliuliza habari za mjukuu, za mwanawe, za kazi. Halafu: "Na yule?"

"Yule nani, Mama?"

"Usinichezee, simu inakwenda."

Nikawa namwambia. Anakula. Amenenepa. Analala chini ya meza ya Bwana Harold wakati anatengeneza redio mbovu za watu, maana alitafuta kazi yenye sauti ndogo. "Haya," anasema Mama, simu inakatika.

Rubi aliishi miaka michache, zaidi ya alivyotabiri daktari. Alikufa usingizini mwishoni mwa ile miaka ya tisini. Bwana Harold alikuja kituoni mwenyewe. Alinipa mfuko wa karatasi, ndani kitenge kimekunjwa vizuri. "Mpelekee mama yako," akasema. Nikamshika mkono, tukasimama hivyo pale mapokezi mpaka simu ilipoita.

Mwaka huo tulikwenda nyumbani, na Neema ameshaanza shule, anaelewa kila unachomwambia kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mama alimcheka mpaka akakohoa. Jioni, wengine walipokuwa nje, nilimwita pembeni nikampa ule mfuko. Nikamwambia Rubi amekufa, usingizini, bila maumivu, na mzee yule alikuwa karibu naye na redio zake.

Mama alikifungua kitenge. Rangi ilikuwa imepauka, na upande mmoja ulikuwa na kiraka, Bwana Harold alikuwa ameshona kwa uzi mweusi, mshono wa fundi wa mashine. Mama alikipeleka puani. Akanusa kona moja, akanusa ya pili, akakigeuza, akanusa tena.

"Amekifua," alisema.

Alisema kama mtu aliyeibiwa. Nilimshika bega. Akakikung'uta, akajifunga kiunoni juu ya kingine alichokuwa amevaa, akalivuta pindo likatanda vizuri nyuma, akaniambia nimletee ungo.